Visanamu vya kauri alivyoniachia bibi wa Kijerumani

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Dresden, Ujerumani. Miaka minne nilimtunza bibi mmoja mzee mpaka akafariki, na kwa wasia wake, ingawa ana wanawe, akaniachia kabati zima la kauri ya Meissen, ile kauri maarufu ya Kijerumani: sahani na vikombe, shada la maua, na visanamu 11 vya wacheza ngoma, wachungaji, ndege na tumbili wapiga muziki. Mume wangu ataka kuvivunja kwa nyundo. Rafiki yangu amesikia darsa mtandaoni kwamba sanamu isiyoabudiwa ni pambo tu. Nami nikivitoa naona kama namsaliti marehemu. Je, na sala ninazosali nyumbani humo?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Nyundo ndiyo iliyoniamsha kukujibu leo. Mwambie mumeo aiweke chini kwanza. Wasia wa asiye Muislamu kwako unafaa, kwa hiyo mali ni yako, wala mume hana ruhusa ya kuharibu mali ya mkewe kwa jina la kukataza maovu. Sala zako ni sahihi, usirudie hata moja.

Sasa huyo mwenye darsa. Adai sanamu zilikatazwa kwa kuwa watu walikuwa wametoka juzi kuziabudu, na leo hakuna amsujudiaye mcheza ngoma wa kauri. Basi atwambie, Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, ni nani katika nyumba ile aliyehofiwa kuliabudu? Na bado Mtume (s.a.w.) uso ulimbadilika, akalichana, likafanywa mito. Hutaja pia Surat Saba, aya ya 13, majini walivyomtengenezea Nabii Sulayman masanamu. Hiyo ni sharia ya waliotangulia. Nduguze Nabii Yusuf walimsujudia. Je, na sisi tuanze kusujudiana? Kisha huleta wanasesere aliowachezea Bibi Aisha, na hapo hunichekesha. Mwanasesere huburutwa, hunyongolewa mkono, hulala uvunguni. Kisanamu chako kiko nyuma ya kioo, kimewashiwa taa, na mtoto akikisogelea hupigiwa kelele. Kama huko si kukitukuza, sijui kutukuza ni kupi.

Wako na wasemao: huu ni urithi wa mafundi. Ustadi siukatai. August, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, alimfungia kijana Böttger, aliyedai kujua kutengeneza dhahabu, ili amtengenezee. Dhahabu haikupatikana, lakini mwaka 1708, yeye na msomi Tschirnhaus, wakaifumbua siri ya kauri nyeupe ngumu ambayo Wachina walikuwa nayo karne nyingi. Mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa katika ngome ya Meissen. Tumbili wale walitoka mikononi mwa Kändler, mchongaji aliyeingia kiwandani 1731. Akili hizo katoa Mungu. Ila August huyo huyo, mwaka 1717, alimpa mfalme wa Prussia askari 600 naye akapata vyombo 151 vya kauri. Watu kwa vyombo! Mwenyewe aliyaita mapenzi yake hayo maradhi.

Wala usidhani nachukia kauri. Wazee wetu wa pwani waliipenda kabla Ulaya haijajua kuitengeneza: wakapachika mabakuli ya Kichina makaburini Kunduchi, wakapamba zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani, kwa sahani.

Kwa hiyo sahani na vikombe ni vyako, tumia au uza. Shada la maua baki nalo, kwani sahaba Ibn Abbas (r.a.) alimwambia mchoraji aliyelilia riziki yake achore miti na visivyo na roho. Visanamu 11 usiviweke. Kuviuza nako sikuruhusu, kwani katika hadithi ya sahaba Jabir masanamu yametajwa pamoja na pombe, mzoga na nguruwe katika vilivyoharamishwa kuuzwa, na hoja ya "namuuzia Mjerumani" haisaidii hapa kama isivyosaidia kwenye pombe. Kukata vichwa, kama Jibril (a.s.) alivyomwelekeza Mtume (s.a.w.), kungetosha kuondoa katazo, lakini unayo njia ya upole zaidi: wana wa marehemu wapo. Warudishie.

Na hilo la kusaliti liondoe moyoni. Wewe uliyemwogesha na kumlisha miaka minne huwezi kuwa umemsaliti kwa kurudisha ndege wa kauri. Waandikie wanawe barua ya mkono. Waeleze kwamba dini yako haikuruhusu kuweka sanamu, usiwaambie ni uchafu; na waambie maua umebaki nayo, na vikombe vya mama yao unavinywea chai. Waandikie na yale aliyokuwa akikusimulia, huenda wao hawakuyasikia.

Kisha keti na mumeo. Mimi nahisi nyundo ile haikuja kwa visanamu tu. Miaka minne mkewe alikuwa kwa bibi wa watu usiku na mchana, na sasa bibi kaingia nyumbani na kabati lake. Muulize hilo taratibu, na umtilie chai katika kikombe cha Meissen.

Wallahu aalam.