Bunduki ya kwanza ya shabaha ya mbali: anza na .22

Watu wakiniuliza kuhusu bunduki ya kwanza ya shabaha ya mbali, wengi huja na jibu lao mfukoni. "Kaka, nichukue .300 Winchester Magnum au .338 Lapua?" Hizo ni kaliba, yaani saizi za risasi, kubwa zenye nguvu nyingi. Anataka kupiga kilomita nzima, na mita 100 bado hazijui. Jibu langu huwakatisha tamaa: chukua bunduki ya .22 Long Rifle, risasi ndogo, iwe ya bolti, yaani ya kukoki kwa mkono kila unapopiga, yenye mtutu mnene kiasi, na pesa inayobaki iende kwenye darubini na risasi.

Risasi hii ya .22 ipo tangu 1887 na wengi huidharau, eti ya kupigia ndege. Haya, ipeleke mita 200. Kama umeisawazisha kwa mita 50, yaani umerekebisha darubini hadi risasi igonge pale unapolenga kwenye umbali huo, ikifika huko imeshashuka zaidi ya mita moja, na upepo wa pembeni wa mita nne au tano kwa sekunde umeisukuma kama sentimita 40. Ili .308, kaliba kubwa zaidi, isukumwe kiasi hicho, itabidi uipige mita 400 na ushee. Somo ni lilelile, ila uwanja ni mfupi, risasi ni ya bei nafuu, na bega halipigwi teke. Hilo teke ndilo linaloharibu wanaoanza. Mtu akishaonjeshwa magnum, jicho linafumba kabla kidole hakijamaliza kuvuta triga, na kumtoa kwenye ugonjwa huo ni kazi.

Halafu huku kwetu Mwanza kuna upepo wa ziwa. Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda unatulia, kisha unageuka na kuja kutoka ziwani. Mtu aliyesawazisha bunduki saa moja asubuhi, saa sita anaona risasi zinakwenda pembeni na anailaumu darubini. Na mawe yakishashika joto, shabaha inaanza kucheza machoni. Hayo ni mazigazi, na wala usiyachukie. Yakipanda wima, ama hakuna upepo wa maana, ama unakuja usoni au mgongoni. Yakilala na kukimbilia upande mmoja, yameshakuonyesha upepo unakokwenda. Mimi huyaangalia hayo kwanza, majani baadaye.

Darubini chagua ya mil, kipimo cha pembe, na vipimo vya alama za ndani na vya vitufe vya juu vya kurekebishia vifanane. Mil moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, ni mita moja kwenye mita 1,000. Sisi tuliozoea mita hatuna haja ya kuhangaika na hesabu za inchi na yadi. Na ukipewa jedwali la kushuka kwa risasi la mtu anayepigia Dar es Salaam, usiliamini moja kwa moja. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo umbali ukiwa mkubwa risasi itapiga juu ya pale jedwali linaposema.

Ukishaimudu .22 ndipo tuzungumze kaliba kubwa. Mabishano huwa kati ya .308 ya 1952 na 6.5 Creedmoor ya 2007. Creedmoor ina kichwa kirefu chembamba kinachokata upepo vizuri, na kwenye mita 1,000 bado inakwenda juu ya kasi ya sauti, wakati .308 nyingi hapo zimeshachoka. Lakini mtutu wa .308 unadumu zaidi. Mimi ningeuliza duka la silaha kwanza: ipi mnayo mwaka mzima? Nyingine isahau, hata kama ni bora. Na ukinunua, chukua maboksi ya risasi ya toleo moja, yaani yaliyotengenezwa pamoja, maana toleo likibadilika, pale risasi inapogonga nako kunaweza kuhama.

Piga kwenye uwanja unaoruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Milima yetu ya mawe inadanganya: risasi ikigonga jiwe inaruka kokote. Maji nayo huirusha, na hata hiyo .22 inafika zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo usikubali mtu akikwambia mpige kuelekea ziwani kwa sababu hamuoni mtumbwi.

Leseni inafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na inapitia polisi. Nenda kituoni ukaulize utaratibu kabla hujamlipa mwenye duka hata shilingi.