Neno went lilitoka wapi, na nilivyomfundisha mpwa wangu

Nilipokuwa kidato cha kwanza hapa Mtwara niliandika goed ubaoni, nikala bakora mbili. Sikuelewa kosa langu. Si juzi yake tu tulifundishwa kwamba jambo lililopita huongezewa ed: walk ikawa walked, cook ikawa cooked? Nilikuwa nimetoka shule ya msingi, tulikosoma kwa Kiswahili, nikaingia sekondari ambako hata baiolojia ni Kiingereza, na kitenzi hiki kidogo cha kwenda ndicho kilichoanza kunitesa.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Mikindani, naye kidato cha kwanza, aliniletea daftari lenye goed iliyozungushiwa kalamu nyekundu.

"Mjomba, kwani went inatokea wapi? Haifanani na go hata herufi moja."

Swali zuri sana. Went si mtoto wa go. Mama yake ni kitenzi kingine, wend, ambacho zamani kilimaanisha kugeuka au kugeuza. Miaka elfu moja iliyopita Waingereza wakitaka kusema "alikwenda" walitumia eode, neno ambalo wajukuu zao wa leo wengi hawalijui kabisa. Polepole eode likafa, na kufikia mwaka 1500 hivi went likawa limekalia kiti chake. Wend lenyewe likajipatia wended, na siku hizi halisikiki sana.

Lakini kugeuka na kwenda vinakutana wapi? Tulikuwa tumekaa barazani, ghuba iko mbele yetu, na mashua moja ilikuwa inabisha. Nikamwambia aitazame: inageuza tanga upande huu, inageuza upande ule, na kila ikigeuka imesogea. Baba yake ni mvuvi, hakuhitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo wewe unayemsaidia mtoto nyumbani, usimpe go na went akakariri kama namba ya simu. Mpe went pamoja na ndugu zake wa kweli: send, sent, spend, spent, lend, lent, bend, bent, halafu wend, went. Mpwa wangu aliyaimba mara tatu tu, yakakaa.

Na mtoto akiandika goed, tafadhali usimchape. Ameishika kanuni na ameitumia. Waskoti nao wana gae, na wakati uliopita wakaipa gaed, wakaendelea nayo karne nyingi. Mkumbushe kwamba hata sisi tuna mambo hayo: kitenzi ni kuja, lakini mtu tunamwita "njoo".

Liko kosa jingine, hili nalisikia hadi kwa watu wazima maofisini: I have went. Went lilikuja kushika nafasi moja tu, ile ya jana na juzi. Gone ni mtoto wa go tangu mwanzo, hakuhama nyumbani, ndiyo maana baada ya have anasimama yeye.

Mpwa wangu akachukua kalamu, chini ya ule wekundu akaandika: My father went to sea. Akainua macho, akatazama pale mashua ya baba yake inapofungwa. Haikuwepo, mzee alikuwa bado yuko baharini. Akakata went, juu yake akaandika has gone.