Pini ya usukani: kifereji na zinki hupangwa kabla ya kukereza

Anayeanza kukereza boliti za mashua hapa Lamu huharakia hesi, yaani meno ya skrubu. Lakini kazi nyingi hurudishwa kwa sababu ya kifereji cha mwisho wa hesi (mfuo mwembamba unaokerezwa kuzunguka pini pale meno yanapoishia), na zinki inayopakwa juu yake.

Chukua pini ya usukani yenye mwili wa milimita 16, ncha yake imeteremshwa kuwa M12 (hesi ya kipenyo cha milimita 12), jino hadi jino milimita 1.75. Nati inatakiwa ilale kwenye bega, pale mwili mnene unapoishia. Pasipo kifereji kisu hakina pa kutokea: meno ya mwisho hubaki nusu, nati huyauma na kugoma kabla ya kufika begani. Mkononi utahisi imekaza. Baharini italegea.

Kwa M12, teremsha kifereji hadi milimita 9.4, upana usipungue 3.8 wala usizidi 6. Shina la hesi lenyewe, yaani kipenyo chini ya meno, ni kama 9.85, kwa hiyo 9.4 yatosha kisu kupita bila kugusa. Ukishuka hadi 8.5 umepoteza karibu moja ya tano ya chuma kinachobeba mzigo. Ncha ya kisu inolewe mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1. Kisu cha ncha mraba huacha pembe kali, na pini ikikatika hukatikia hapo. Mulika tochi kutoka ubavuni: ukiona mstari mweusi kwenye pembe, rudia. Boliti isiyo na bega, ya kushika taruma na mkuku, usiiwekee kifereji, utaidhoofisha bure.

Sasa zinki. Muulize mwenye kazi kabla hujawasha mashine, maana kipimo cha nati kinategemea jibu lake. Zinki ya kuzamisha, ambapo boliti huchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, hukaa unene wa kama mikroni 50 (mikroni 1,000 ni milimita 1). Kwa kuwa meno yana mteremko pande zote mbili, kipenyo cha kati cha hesi (kinachopimwa katikati ya kimo cha meno) huongezeka mara 4 ya unene huo, yaani milimita 0.2, na nati ya kawaida haiingii ng'o. Nati ndiyo ipanuliwe kwa tepu (kifaa cha kukata meno ya ndani) kubwa zaidi, tena baada ya kuzamishwa. Meno yake yatalindwa na zinki ya boliti. Ukiikwangua boliti badala yake, umetupa zinki uliyoilipia. Sisitiza pia pini zizungushwe kwa kasi zikiwa bado za moto, la sivyo zinki huganda ndani ya kifereji na nati inagoma palepale pa mwanzo. Kazi ikishavuka Mokowe, ng'ambo ya bara, kosa hilo utaliona ikirudi tu.

Zinki ya umeme, inayopakwa kwa mkondo wa umeme, ni mikroni 5 hadi 8, haisumbui hesi, ila maji ya chumvi huila upesi. Tena ndani ya kifereji chembamba umeme hufika kwa shida, kwa hiyo kutu huanzia huko. Chuma cha daraja la 12.9, yaani kigumu sana, usikipeleke kwenye zinki ya umeme kabisa: haidrojeni ya tindikali ya kukisafishia huingia ndani yake, na boliti hukatika saa au siku kadhaa baada ya kukazwa.

Stenlesi? Chagua aina ya 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, na kwa kazi za juu ya maji. Ndani ya mbao iliyolowa hukosa hewa na kutoboka, kifereji kikitangulia. Paka grisi kwenye hesi na uzungushe nati polepole. Ikianza kuwa nzito, irudishe nyuma mara moja, kwani ikishang'ang'ania itabidi uikate kwa msumeno.