Fraterniti za Marekani: niambie kwanza unakwenda chuo gani

Wadogo zangu mliopata nafasi Marekani mnaniuliza swali moja kila mwaka: fraterniti (chama cha wanafunzi wa kiume chenye jina la herufi za Kigiriki, na mara nyingi nyumba yake) nijiunge au niachane nayo? Mimi silijibu mpaka nijue unakwenda chuo gani. Herufi za Kigiriki zilizobandikwa mlangoni zinaweza kuwa zilezile kutoka Alabama hadi Boston, lakini kinachoendelea ndani ya nyumba hakifanani hata kidogo. Nimesoma vyuo viwili huko, kimoja kikubwa cha serikali cha kusini na kingine cha Weusi, na likizo nyingi nilizimalizia kwenye makochi ya marafiki waliokuwa kaskazini. Siku hizi natumia kipimo kimoja tu: asiyejiunga, Jumamosi usiku anabaki na nini?

Kusini anaweza kubaki na kidogo sana. Chukua University of Alabama. Usajili wa sororiti, yaani upande wa wasichana, hufanyika Agosti kabla hata madarasa hayajaanza. Nyumba zenyewe ni majumba ya nguzo nyeupe ambayo ukiyaona utadhani ni hoteli. Humo ndimo watu wanapopata wachumba, kazi, na hata kura, maana kuna umoja wa siri wa nyumba hizo unaoitwa The Machine, na kwa miaka mingi ndio ulioamua nani aongoze serikali ya wanafunzi. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho liliandika jinsi msichana Mweusi mwenye alama nzuri alivyokataliwa, huku wahitimu wa zamani wakiingilia uamuzi. Ndipo sororiti za Wazungu zikaanza kufungua milango. Sikusimulii habari za miaka ya sitini, ni 2013.

Chuoni kwangu nilialikwa chakula cha usiku mara kadhaa. Watu walikuwa na adabu tele, na mazungumzo yakaenda kwa baba wa nani alikuwa nyumba gani na timu ya mpira itacheza na nani. Mgeni hana pa kushika hapo. Halafu kuna ada: ukijumlisha malazi na chakula, ni maelfu ya dola kwa mwaka, na viza yako ya mwanafunzi haikuruhusu kwenda kufanya kazi popote utakapo ili uzilipe.

Sasa nenda Dartmouth, pale Hanover, New Hampshire, mji mdogo wenye theluji isiyokwisha. Zaidi ya nusu ya wanaoruhusiwa kujiunga hujiunga, kwa hiyo ukitazama takwimu utasema huko ndiko kubaya zaidi. Sivyo nilivyokuta. Mwaka wa kwanza huruhusiwi kujiunga, unasubiri mpaka wa pili, kwa hiyo una muda wa kuchungulia kabla hujatia saini. Na sherehe za besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, hazina ubaguzi mkubwa wa mwanachama na asiye mwanachama. Rafiki yangu hakuwahi kujiunga popote, lakini alikuwa bingwa wa pong yao, mchezo wa mezani wa bia, ile inayochezwa na kibao kilichokatwa mpini (usiniulize kwa nini), na kila nyumba ilimjua. Pombe kali chuo kilizipiga marufuku mwaka 2015. Bia je? Bia ipo, nisikudanganye.

MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ni habari nyingine tena. Nyumba zao nyingi ziko ng'ambo ya mto Charles, ndani ya Boston, na kwa wengi ni mahali pa kuishi: zamu ya kupika, bomba limepasuka nani atengeneze, hesabu nani ameshafanya. Mwaka 1997 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifariki kwa pombe katika fraterniti, na tangu 2002 wa mwaka wa kwanza wote wanalala kwenye mabweni ya chuo. Vyuo kama Williams na Bowdoin vilishazifuta fraterniti kabisa, na wanafunzi wake wanaishi vizuri tu.

Lakini wengi wenu mnachotaka kusikia ni habari za vyuo vya Weusi, na huko ndiko mimi nilikoelewa maana ya vyama hivi. Alpha Phi Alpha ilianzia Cornell mwaka 1906, wakati wanafunzi Weusi pale walikuwa wachache na hakuna wa kuwakaribisha. Omega Psi Phi ikazaliwa Howard, chuo cha Weusi cha Washington, mwaka 1911, na Phi Beta Sigma hapohapo mwaka 1914. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa wa Sigma, Martin Luther King alikuwa Alpha, na Kamala Harris aliingia sororiti ya Alpha Kappa Alpha akiwa Howard. Matawi mengi hayana majumba. Utawatambua kwa rangi zao, kwa miguu na viganja vinavyopiga mdundo uwanjani, na kwa kazi za kujitolea mitaani. Na uanachama hauishi ukihitimu. Wazee wa miaka sabini bado wanahudhuria vikao, na ukikosa nafasi ukiwa mwanafunzi, yapo matawi ya wahitimu.

Adabu ya huko ni ukimya. Ukitangaza kwamba unautaka uanachama, umejiharibia. Jitokeze kwenye shughuli zao, fanya kazi, linda alama zako, funga mdomo.

Kuhusu mateso ya kuingizwa: waliosoma bweni Tanzania wanajua kuwa njuka, wa Kenya wanajua kuwa mono. Tofauti ni kwamba huko Marekani watu wanakufa. Vyama vya Weusi vilikubaliana mwaka 1990 kuachana na utaratibu wa zamani wa kuwaweka wanachama wapya kwenye majaribio marefu, lakini vipigo vya siri havikuisha. Kwa Wazungu silaha ni chupa: Penn State mwanafunzi alifariki mwaka 2017 baada ya usiku wa kunyweshwa pombe na kuanguka. Wewe mwenye viza, kumbuka pia kwamba umri wa kunywa ni 21, na kukamatwa ukiendesha gari umelewa kunaweza kukufutia hiyo viza.

Dada zangu, jambo moja ambalo vipeperushi havisemi: sororiti nyingi za kitaifa haziruhusu pombe katika nyumba zao, kwa hiyo sherehe hufanyika kwa wanaume. Mlango ni wao, kinywaji ni chao, na ngazi za kwenda juu ni zao. Nendeni wawili au watatu, mrudi idadi ileile.

Kabla hujakubali mwaliko wowote, tafuta rekodi ya tawi lenyewe la chuo chako, maana sifa za kitaifa hazitakusaidia. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kuchapisha kwenye tovuti zao majina ya vikundi vilivyokutwa na makosa ya kutesa wanachama wapya. Usipoiona ripoti hiyo, nenda ofisi ya mambo ya wanafunzi ukaiulizie, na uliza pia ada yote ya mwaka kwa maandishi, pamoja na faini.