Barua kwa mwanangu: Rufaa ya bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu. Umeniuliza, kwa ajili ya wanafunzi wako, kama ni kweli Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, 1337 hadi 1453, ndivyo vilivyokipa Kiingereza hadhi na fasihi yake. Mimi kila nikivifikiria vita hivyo, akili inakwenda mwaka 1362.

Mwaka huo, enzi ya mfalme Edward III wa Uingereza, ilipitishwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa walichokuja nacho Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066. Sababu waliiandika wazi: watu hawaelewi yanayosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Nikifika hapo namwona bibi yako.

Ile kesi ya shamba la minazi unaijua, ila hii sijakusimulia. Alishinda mara ya kwanza, wenzetu wakakata rufaa. Siku ya hukumu nilikuwa kidato cha pili, nimekaa naye kwenye benchi. Hakimu akasoma Kiingereza kitupu. Bibi yako akanikaba mkono: “Anasemaje?” Nililikamata neno moja tu, “allowed”. Nikamwambia, “Mama, wameturuhusu.” Akatoka nje, akapiga kigelegele mlangoni, kanga imemteleza kichwani. Karani akamfuata, akamweleza taratibu kwamba rufaa iliyokubaliwa ni ya wale wenzetu. Njia nzima hakunisemesha. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nimekwambia tangu udogoni: lugha haina heshima mpaka iingie mahakamani. Kwetu Tanzania sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Bibi yako alikuwa ameshatangulia.

Turudi kwenye vita. Kifaransa kiligeuka lugha ya adui, na mfalme Henry V wa Uingereza, akiwa vitani huko Ufaransa mwaka 1417, akaanza kuandika barua zake kwa Kiingereza. Mwaka 1422 wapika bia wa London wakaufuata mfano wake kwenye vitabu vya chama chao, maana wengi wao walijua kusoma Kiingereza, lakini Kilatini na Kifaransa hawakuvijua. Lakini ile sheria ya 1362 yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Na Chaucer, yule mshairi mkubwa wa Kiingereza, alitekwa na Wafaransa karibu na mji wa Reims akiwa kijana, mfalme Edward akachangia pauni 16 za kumkomboa mwaka 1360. Kisha huyohuyo akajifunza ufundi wa ushairi kwa washairi wa Kifaransa, akautia kwenye Kiingereza. Sasa hapo vita vimekifukuza Kifaransa au vimekileta? Na tauni ya 1348 iliyofagia watu, wakiwemo walimu na mapadri waliokijua Kifaransa, tuiweke wapi?

Ulitaka ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha niseme hapana, ni watu kama bibi yako waliochoka kuuliza “anasemaje?” Lakini wapika bia wenyewe walimtaja mfalme, na mfalme alikuwa vitani. Basi, waachie wanafunzi wabishane.

Nakala ya ile hukumu ingali kwenye sanduku la bati, chini ya kanga zake. Ukija Desemba, wasomee shangazi zako kwa Kiswahili, yote, hata zile kurasa za mwisho.

Baba yako