Muulize Fundi: Mota za Magari ya Rimoti Kwenye Matope

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kitengela. Nina lori la rimoti la kipimo cha 1/10, linavuta magurudumu yote manne, mota yake ni ya kaboni (vile vipande vinavyosugua shaba ya ndani kupeleka umeme), 27T. Huku mvua ikinyesha udongo mweusi hauachi kitu. Nilikuwa natumia betri ya lipo ya 2S, yaani ya seli mbili, likawa linakwama. Nikaweka 3S, ya seli tatu, ili lipate nguvu, mota ikaungua siku hiyo hiyo. Nimenunua nyingine ya aina ile ile, nayo imeungua. Muuzaji anasema ni matope yameingia ndani, ninunue isiyo na kaboni, tena niizibe yote kwa silikoni. Mota ya pili nimekutumia kwa basi uione. Nifuate ushauri wake?
Tope Magotini, Kitengela

JIBU: Kifurushi kilivuka Namanga na kufika Arusha salama. Niliifungua mota yako mezani, katikati ya mota mbili za pampu za visima, maana hizo ndizo zinazonilipia kodi. Mota hizi za saizi ya 540 za bei ya chini zina ganda lililokunjwa vikucha nyuma. Ukivinyanyua kwa bisibisi bapa, kifuniko chenye kaboni kinatoka chenyewe.

Matope nimeyakuta, sikatai. Ukoko mwembamba wa kijivu umezunguka matundu ya hewa. Lakini kaboni zako bado ndefu, karibu mpya! Kama mchanga na matope ndivyo vilivyoiua, kaboni zingekuwa zimelika hadi springi zinagusa shaba. Springi zenyewe zimegeuka rangi ya buluu na kulegea, plastiki inayoshika kaboni imeyeyuka upande mmoja, na vanishi ya waya imekuwa nyeusi. Harufu yake kila msuka mota anaijua, na mke wangu pia anaijua, ndiyo maana nilihamia barazani. Mota hii imekufa kwa joto. Muuzaji wako amemshika asiye mwizi.

Mota ikiwa inazunguka, yenyewe huzalisha umeme unaopingana na ule wa betri, na ndio unaouzuia mkondo usipande ovyo. Ukiizuia isizunguke, upinzani ule unaondoka na mkondo unapanda hadi juu kabisa. Sasa fikiria udongo mweusi: unajishika kwenye tairi, tairi linanenepa kila mzunguko, linaanza kusugua bodi, na wewe umebana trega hadi mwisho. Mota inanguruma bila kwenda. Mkondo ukizidi mara mbili, joto kwenye waya linazidi mara nne. Na ulipotoka volti 7.4 za 2S kwenda 11.1 za 3S, mota iliyokwama ilianza kula mkondo mara moja na nusu, yaani joto zaidi ya mara mbili. Ulitaka nguvu, ukanunua jiko.

Kwa hiyo kabla ya mota, shika gia. Ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, hesabu meno yake. Tuseme ni 15 na gia kubwa ina 87: mota inazunguka mara 5.8 kwa kila mzunguko mmoja wa gia kubwa. Weka ya meno 11, inakuwa mara 7.9. Lori litapungua mbio, lakini litavuta zaidi kwa mkondo ule ule. Angalia tu kwamba meno yanafanana na ya gia yako kubwa. Za 32P na 48P (P ni kipimo cha ukubwa wa meno) haziingiliani, zitasagana na utapoteza zote mbili. Ukifunga, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia, zibane, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Nafasi iliyobaki inatosha.

Halafu ndiyo mota. Hiyo T ya 27T ni idadi ya mizunguko ya waya kwenye kila jino la rota, ile sehemu inayozunguka. Namba ndogo ni ya mbio, namba kubwa ni ya kuvuta. Kwa udongo wa kwenu mimi ningefunga 35T, au 45T kama hujali kwenda polepole, na ningerudi kwenye 2S. Ukishikilia 3S, basi iwe 45T au 55T, baada ya kuhakikisha maandishi ya kidhibiti mwendo yanaruhusu 3S kwa mota ya namba hiyo. Ukipata ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu na kaboni zake zinabadilishwa, chukua hiyo hata kama imezidi bei kidogo. Saizi ya 550 nayo ni nzuri kwa sababu ina chuma kingi cha kubeba joto, ila ni ndefu kuliko 540. Pima kwanza kama haitagonga chasi au shafti.

Isiyo na kaboni si mbaya, usinielewe vibaya. Hakuna kaboni ya kulika, na waya wake umepakwa vanishi, maji hayaudhuru. Lakini ile rahisi isiyo na sensa ya kujua rota iko wapi hugugumia inapoanza polepole ikiwa na mzigo, na kwenye matope wewe kila mara unaanza polepole ukiwa na mzigo. Itabidi iwe yenye sensa, karibu KV 1800 hadi 2300 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), na kidhibiti mwendo chake. Hapo fedha imeshakuwa nyingine kabisa, na ile soketi ndogo ya sensa ndiyo sehemu ya kwanza kuingia unyevu. Pia usichukue zile ambazo ganda la nje ndilo linalozunguka, kama za droni. Ziko wazi, kokoto moja inatosha kuzikwamisha.

Kuziba mota kwa silikoni, hapana. Mota inayofanya kazi ina moto, hewa ya ndani imetanuka. Ikitumbukia kwenye dimbwi inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia penye shafti hata ungeziba matundu yote. Yakishaingia hayana pa kutokea. Ya kuziba ni risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) na swichi. Kidhibiti mwendo nunua kilichotengenezwa kisipitishe maji, wala usikivalishe puto kama ninavyoona vijana wanafanya. Kitakauka vizuri sana huku kinaungua. Mota iache wazi, maji yaingie na yatoke. Gia ndizo zinazotaka kifuniko.

Ukiwa shambani, simama kila baada ya muda na upime ganda la mota. Likipita nyuzi 80, pumzisha. Kipima joto kile cha homa tulichokizoea wakati wa korona hakifai, hakifiki huko. Tafuta cha mafundi. Usipokuwa nacho, weka kidole: ukishindwa kukiacha hapo sekunde tatu, kaa chini unywe maji. Na ng'oa udongo kwenye tairi kwa kijiti kila unaposimama. Najua unachosha.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mwanangu tunaishi Tanga, na maji yakipwa tunapeleka gari la rimoti kwenye matope ya mikoko. Kwenye boksi wameandika halipitishi maji. Mbona beringi zinalia na mota imeanza kutoa cheche?
Baba wa Dereva, Tanga

JIBU: Marahaba. Maneno yale ya boksi yanahusu vifaa vya umeme. Beringi, bushi na shafti ni chuma kama chuma kingine, na hakuna aliyeahidi kwamba havitashika kutu.

Maji ya mvua yanapitisha umeme kidogo tu, ndiyo maana mota ya kaboni inaweza kuzunguka ndani yake na ikapona, ingawa kaboni zinalika upesi. Ya chumvi yanapitisha vizuri. Umeme unakatiza kati ya vipande vya shaba ambavyo kaboni inavisugua, shaba inaliwa, inaota ukijani, na hapo ndipo cheche zako zinapotoka. Ushauri wangu ni mfupi: tafuteni matope ya bara, hata shamba la mpunga lililovunwa. Kama mtoto hakubali, wekeni mota moja ya bei ya chini iwe ya pwani tu, mkijua haitazeeka.

Mkitoka pwani msingoje mfike nyumbani kwanza mle. Ondoa betri, chovya gari zima kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba wakati matope bado mabichi, badilisha maji, chovya tena. Usitumie mpira wa maji wenye presha, unasukuma mchanga kupita sili za beringi. Likimaliza kuchuruzika, rudisha betri na uzungushe mota polepole kidogo, magurudumu yakiwa juu, irushe maji. Kisha toa betri tena upulizie WD-40 ndani ya mota ifukuze maji yaliyobaki. Watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo beringi zinapokufa, maana dawa hiyo huosha grisi na mafuta yaliyokuwamo. Ikishakauka, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi ya mbele na moja ya nyuma. Tone moja, jamani. La nyuma likimwagikia shaba na kaboni, linachanganyika na vumbi la kaboni kuwa tope jeusi linalopitisha umeme.

Beringi za magurudumu ukizinunua upya, chagua zenye mfuniko wa mpira, si wa bati. Magari mengi ya kipimo cha 1/10 yanatumia za 5x11x4, lakini pima zako kwanza.

Na jambo moja la pwani: funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, uiburuze juu ya mchanga mnapochezea. Ikitoka imeota manyoya meusi, mchanga huo una chembe za chuma, na mota ina sumaku mbili zinazozivuta ndani mchana kutwa. Sogeeni mbele.

SWALI: Fundi, nilipoosha mota yangu niling'oa vidude vitatu bapa vya rangi ya kahawia vilivyolehemewa nyuma, vilikuwa vimeshika matope. Sasa nikibana trega usukani unatetemeka. Ni sevo imekufa?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Sevo ni nzima. Hizo ni kapasita, kazi yake ni kumeza kelele za umeme zinazotokana na cheche za kaboni kabla hazijafika kwenye risiva. Zirudishe. Muulize fundi redio yeyote akupe tatu za kauri zilizoandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1. Moja inalehemewa kati ya ncha mbili za mota, na mbili zilizobaki kila moja kutoka ncha yake hadi kwenye ganda. Ganda likwangue kwa msasa hadi ling'ae, na utumie pasi ya kulehemu yenye nguvu, kwa sababu chuma chote kile kitakunyang'anya joto na risasi itakaa juu bila kushika. Kata miguu iwe mifupi, kisha ipake rangi ya kucha ya dada yako, tope lisiiunganishe tena. Siku ukihamia mota isiyo na kaboni, usizihamishe, huko hazifungwi.