Ule upepo wa kupima presha ya jicho unabonyeza nini?
Dada uliyeuliza kama ule upepo ambao mashine hulipulizia jicho kupima presha yake unalibonyeza jicho zima: kinachobonyea hasa ni konea, ile sehemu angavu ya mbele, yenye unene wa kama nusu milimita tu. Upepo ukiigonga, kwanza inakuwa bapa, halafu inazama na kufanya kibonde cha takriban milimita 1, kisha inarudi, inapitia ubapa mara ya pili na kukaa ilivyokuwa. Yote hayo huisha kwa milisekunde 30 hivi, kabla hata kope hazijafumba! Jicho lenyewe husogea nyuma kidogo sana. Mashine huimulika konea wakati wote. Inapokuwa bapa ndipo mwanga hurudi kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo presha inasomwa.

Sasa angalia: konea nene hubonyea kwa shida, kwa hiyo namba hupanda hata kama presha ni ya kawaida. Nyembamba ni hatari zaidi, maana huificha presha halisi. Ukiambiwa presha ya jicho ni 24, yaani juu ya kawaida, usiondoke hivyo hivyo, omba warudie na wakupime unene wa konea. Na usikaze macho wala kubana pumzi, navyo hupandisha namba.